Piramidi Ukutani, Chumvi Mezani: Kisa cha Darasa Moja la Historia Uvinza

Mwalimu wa kisa hiki anafundisha Historia katika sekondari moja ya kata wilayani Uvinza, mkoa wa Kigoma. Ni shule ya kutwa. Kidato chake cha Kwanza kina wanafunzi zaidi ya 70, watoto wa wakulima, wa wavuvi wa Malagarasi na wa vibarua wa chumvi. Shule ina kompyuta mpakato moja na projekta moja, na vyote hulala ofisini kwa mwalimu wa taaluma chini ya kufuli. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Intaneti ni bando la mwalimu mwenyewe, na kwa kuwa mtandao hushika vizuri usiku, ndipo anapopakua anachohitaji na kukihifadhi kwenye flashi.

Tulikuwa tumebishana. Yeye aliamini kwamba picha na video za mtandaoni zingewaamsha wanafunzi kuhusu tamaduni za kale, mimi nikataka nione zingewaamsha wafanye nini. Akanikaribisha nikae nyuma ya darasa kwa muhula mmoja. Ninaandika niliyoyaona kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu TEHAMA shuleni huanzia kwenye vifaa na kuishia hapohapo: shule ina projekta, shule haina projekta. Hapa projekta ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza haikusaidia kitu.

Wanafunzi walivyokuwa kabla

Atakayelifungua daftari la Historia la Kidato cha Kwanza, kwenye sehemu ya chumvi, atakuta orodha ya mahali ilipopatikana zamani. Taghaza imo, Bilma imo, na Uvinza imo. Mtoto aliyekulia Uvinza, ambaye mjomba wake anabeba magunia ya chumvi, anaiandika Uvinza katikati ya majina ya Sahara kana kwamba nayo iko huko. Nilimuuliza mmoja, nje ya darasa, kama Uvinza ya kwenye daftari ndiyo hii ya kwao. Alifikiri kidogo, akajibu, "Hiyo ya kwenye notsi ni ya zamani, mwalimu."

Jibu lile ndilo lililonifanya niandike. Mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa kwa miaka kadhaa kwamba ya kale ni maneno ya kunakili, tena kwa Kiingereza ambacho bado kinamtoa jasho, na kwamba maneno hayo hayagusani na udongo anaoukanyaga. Kwa hiyo swali langu juu ya teknolojia likawa moja: je, itamtoa hapo, au itamwongezea picha kwenye maneno yaleyale?

Kipindi cha piramidi

Mwalimu alianza na Misri. Chumba hakina mapazia, wasichana wakaning'iniza vitenge madirishani. Alikuwa na picha na michoro kutoka mradi wa Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu Giza, eneo la piramidi nchini Misri, ambao umeweka mtandaoni bure kumbukumbu nyingi za uchimbaji pamoja na mifano ya kompyuta inayokuruhusu kutembea ndani ya makaburi. Aliwaonyesha piramidi kubwa ya mfalme Khufu, ambayo ilipokamilika ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, na ambayo inakadiriwa kuwa na mawe yapatayo milioni 2.3. Watoto walisimama. Wengine walipanda kwenye madawati. Kengele ya mapumziko ililia, hakuna aliyetoka.

Mwalimu alifurahi sana, na nilimwelewa. Wiki hiyohiyo akatoa zoezi fupi: piramidi zilijengwaje, na tunajuaje?

Sehemu ya kwanza ya swali ilijibiwa na karibu kila mtu kwa sentensi moja, kwamba zilijengwa na watumwa. Wachache waliandika kwamba zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Sehemu ya pili, ile ya "tunajuaje", wengi waliiacha wazi. Walioijibu waliandika, "Kwa sababu tumeona."

Mmoja wa hao wa viumbe wa sayari nyingine alipoulizwa, alieleza bila wasiwasi kwamba aliona video kwenye simu ya kaka yake alipokwenda Kigoma mjini. Hapo ndipo mwalimu alipotambua kwamba intaneti ilikuwa imeshaingia darasani kabla yake. Video ya viumbe na matembezi ya Harvard vilimfikia mtoto kwa njia moja. Vyote viwili vilikuwa picha nzuri, vyote vilisema kwa uhakika, na mtoto hakupewa kipimo cha kuvitofautisha. Mwalimu alikuwa amemwonyesha matokeo ya kazi ya wachimbaji bila kumwonyesha kazi yenyewe.

Kwa maoni yangu huu ndio ugonjwa mkubwa wa masomo ya projekta. Mwanafunzi anayenakili ubaoni na mwanafunzi anayetazama ukutani wako mahali pamoja, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeulizwa chochote. Tofauti ni kwamba anayetazama anafurahi, na furaha yake humfanya mwalimu adhani kazi imekwisha.

Karatasi ya Merer

Tulikaa jioni nyumbani kwake tukatafuta kitu kidogo, kimoja, kinachoweza kuulizwa maswali. Tukakipata katika mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, ya Wadi al-Jarf. Mwaka 2013, timu iliyoongozwa na Mfaransa Pierre Tallet ilifukua vipande vya mafunjo katika bandari ya kale kwenye pwani ya Bahari ya Shamu nchini Misri. Ndiyo mafunjo yenye maandishi ya kale kuliko yote yaliyowahi kupatikana, yana zaidi ya miaka 4,500. Sehemu yake ni daftari la kazi la mtu aitwaye Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia waliokuwa wakisafirisha mawe ya chokaa kutoka machimbo ya Tura hadi Giza wakati piramidi ya Khufu ikijengwa. Siku kwa siku anaandika walikofanya kazi, walikolala, na safari za kwenda na kurudi. Pamoja na daftari hilo kulikuwa na hesabu za vyakula vilivyoletwa kwa wafanyakazi.

Safari hii projekta iliwashwa kwa dakika zisizozidi kumi. Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya karatasi iliyochanika, yenye safu za wino mweusi na mwekundu. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye karatasi ya manila, kwa Kiswahili, maelezo mafupi ya yale Merer anayoyataja katika siku chache. Kisha akazima mashine na kuuliza: huyu ni nani, alimwandikia nani, na ni jambo gani hakulisema?

Darasa lilianza taratibu. Mtoto wa mvuvi akasema Merer lazima alisubiri maji yajae, kwa sababu mtumbwi wenye mzigo wa mawe haupiti kwenye maji haba. Mwalimu akamthibitishia kwamba wataalamu nao wanahusisha safari zile na majira ya mafuriko ya Nile, maji yalipofika karibu na eneo la ujenzi. Sitasahau uso wa yule mtoto. Alikuwa amesema jambo la kitaalamu kuhusu Misri ya kale kutokana na maarifa ya baba yake kwenye Malagarasi.

Mwingine akauliza kama mtumwa huandikiwa hesabu ya mkate. Swali zuri, na si jepesi, kwa kuwa hata mtumwa hulishwa. Mwalimu hakulikimbilia. Aliwapa ushahidi mwingine: makaburi ya wafanyakazi yaliyogunduliwa karibu na piramidi kuanzia mwaka 1990, na mifupa iliyovunjika kisha ikaunga vizuri, dalili kwamba walioumia waliuguzwa. Watu wanaozikwa kwa heshima karibu na kaburi la mfalme ni vigumu kuwaita watumwa tu. Darasa likagawanyika. Wengine wakasema walikuwa vibarua wa msimu, wengine wakasema mtu anaweza kutibiwa na bado akawa amelazimishwa. Mwalimu akaacha mjadala uendelee kwa Kiswahili hadi mwisho, ndipo akawataka waandike sentensi tano kwa Kiingereza. Utaratibu huo, kufikiri kwa Kiswahili kwanza na kuandika kwa Kiingereza baadaye, uliendelea muhula mzima. Mimi nauona ulisaidia kuliko picha yoyote.

Na yule wa viumbe wa sayari nyingine? Hakuna aliyemcheka, mwalimu hakuruhusu. Alipewa kazi ya kuitazama tena ile video atakapokwenda mjini, asikilize kama wanataja kitu chochote kilichofukuliwa, wapi, na nani. Alirudi akasema wanauliza maswali mengi lakini hawaonyeshi kitu.

Mgebuka katika magadi

Sehemu hii haikupangwa. Ilizaliwa na swali la msichana mmoja: Wamisri waliwezaje kumhifadhi maiti asioze? Kitabu kinataja dawa za kuhifadhi maiti, basi. Mtandaoni mwalimu akakuta kwamba kitu kikuu kilikuwa natroni, chumvichumvi iliyochotwa hasa katika bonde la Wadi Natrun, na kwamba mwili ulifunikwa nayo kwa siku 40 hivi kati ya siku 70 za shughuli nzima. Natroni ni ndugu wa karibu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Kazi yake ilikuwa kunyonya maji mwilini, na palipokosa maji bakteria hawastawi.

Darasa zima likajua la kufanya bila kuambiwa, maana hakuna nyumba ya Kigoma isiyojua samaki wa chumvi. Wakaleta migebuka mitatu. Mmoja alipasuliwa, akatolewa utumbo, akafunikwa kwa mchanganyiko wa magadi yaliyosagwa na chumvi ndani ya ndoo. Wa pili alifunikwa kwa chumvi peke yake. Wa tatu aliachwa wazi chini ya wavu nyuma ya choo cha walimu, na huyo hakuhitaji siku nyingi kutoa ushahidi wake. Walimpima kila samaki kwa mizani ya dukani mwanzoni, kisha wale wawili wa ndoo wakapimwa kila wiki. Uzito ulishuka, nao wakachora mstari wa kushuka kwake kwenye daftari. Mwalimu wa Biolojia akaja mwenyewe kuomba kipindi kimoja.

Mkuu wa shule alipata malalamiko ya harufu, na mzazi mmoja alikuja kuuliza kwa nini mtoto wake anafundishwa kukausha maiti. Malalamiko ya mzazi nayachukulia kwa uzito. Mwalimu alimpokea, akamwita mama, akamweleza habari ya samaki, na akamwonyesha daftari. Mama akasema, kwa hiyo ni kama dagaa. Ndiyo, ni kama dagaa. Lakini ingefaa wazazi waelezwe kabla. Mambo ya maiti hayaguswi tu kwetu, na shule inayotaka kuyafundisha inapaswa kuwaambia wenye watoto mapema.

Uvinza yenyewe

Kwenye Uvinza ndipo kisa kilipofika kwenye kiini chake. Mwalimu alitaka kuipita haraka kama kitabu kinavyofanya. Nilimsihi aikalie.

Miaka ya 1960 wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza, jirani na mahali ambapo Mto Ruchugi unaingia Malagarasi. Walikuta tabaka za vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ya kuchemsha chumvi, na vipimo vya mkaa vikaonyesha kwamba kazi hiyo ilianza karibu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Hivyo watu walikuwa wakichemsha chumvi pale karne nyingi kabla misikiti mikubwa ya Kilwa haijasimama. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1968 katika jarida la kitaaluma, na maktaba ya shule ya kata haina jarida hilo. Bila intaneti, mwalimu wa Uvinza hana njia ya kujua yaliyofukuliwa Uvinza. Kama kuna sababu moja ya kutetea bando la mwalimu, kwangu ni hiyo. Piramidi zimo katika kila kitabu.

Alianza na picha ya satelaiti. Aliishusha polepole kutoka juu ya Afrika hadi ziwani, akafuata reli kutoka Kigoma kuelekea mashariki, akasimama kwenye makutano ya mito. Kelele zikaanza: pale ni kwetu, ile ni stesheni, yale ni mabwawa ya chumvi. Kisha akaweka ukurasa mmoja wa kitabu cha Mwingereza Richard Burton, kilichotoka mwaka 1860 na ambacho kwa sasa kinasomwa bure mtandaoni. Burton alipita hapo mwaka 1858 pamoja na msafiri mwenzake Speke wakielekea Ujiji, akaeleza habari za chumvi ya mto aliouandika Rusugi.

Kusoma ukurasa ule kulihitaji uangalifu. Burton aliwadharau Waafrika na dharau hiyo imejaa katika maandishi yake. Mwalimu hakuificha. Aliwapa kalamu za rangi mbili: moja kwa yale Burton aliyoyaona kwa macho, nyingine kwa yale aliyowahukumu watu. Karatasi zilirudi zimepakwa, na watoto wakabishana juu ya sentensi ambazo zilikuwa na vyote viwili. Nimewahi kuona wanafunzi wa chuo wakishindwa kazi hiyo.

Baada ya hapo walichemsha. Waliyeyusha chumvi kwenye maji kwa kipimo cha bahari, gramu 35 kwa kila lita, wakabandika sufuria juu ya mafiga. Waliona wenyewe kuni zinavyokwisha kabla chumvi haijaonekana. Maswali yakabadilika: kuni zote zile zilitoka wapi? Nani alikata? Nani alifinyanga vyungu? Aliyechemsha alikula nini siku hizo? Maswali hayo ni ya historia ya uchumi, na yaliulizwa na watoto wa Kidato cha Kwanza wakipepea moshi machoni.

Mkaa ulipopoa, mwalimu aliinua kipande akaeleza jinsi umri unavyopimwa. Mti ukiwa hai unachukua kaboni ya hewani, ikiwemo kiasi kidogo cha kaboni 14. Ukikatwa, hauchukui tena, na ile iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Anayepima iliyobaki anajua mti ulikufa lini. "Tunajuaje?" sasa likawa na jibu wanaloweza kulishika mkononi.

Mgeni wa mwisho alikuwa bibi mmoja ambaye mama yake aliuza chumvi. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba, wajukuu zangu. Alieleza jinsi chumvi ilivyofungwa, ilivyobadilishwa kwa mawese na samaki, na miiko iliyozunguka kazi hiyo. Mwanafunzi mmoja akamuuliza kwa adabu kama hayo aliyaona au alisimuliwa. Bibi hakukasirika. Akatenganisha: haya niliyaona, haya aliniambia mama, haya yanasemwa tu. Walirekodi sauti yake kwa simu ya mwalimu, kwa ridhaa yake.

Lililobaki mezani

Mwalimu wa taaluma ana hoja ambayo haitaki kubezwa. Uvinza pekee ilikula vipindi ambavyo muhtasari umevitengea mada nzima, na Kidato cha Pili kuna mtihani wa taifa unaouliza mada zote. Mwalimu alifidia kwa vipindi vya jioni, jambo ambalo mwalimu mwenye watoto wadogo nyumbani hawezi kulifanya kila muhula. Gharama ya bando ilitoka mfukoni mwake. Shule haikumrudishia.

Kwa hiyo simshauri mwalimu yeyote afanye hivi kwa mada zote. Namshauri achague mbili kwa mwaka, moja ya mbali na moja ya kwao, na kila moja aijenge juu ya ushahidi mmoja: karatasi ya Merer, mkaa wa Uvinza. Tabora wanaweza kuchukua tembe la Kwihara, nyumba ya zamani alimokaa Livingstone, na njia za misafara. Walio karibu na Kilwa wana magofu ambayo Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umeyapima kwa miale ya leza na kuyaweka katika mifano ya kompyuta. Mada nyingine ziende kwa chaki kama kawaida.

Jambo moja ningelipanga upya. Bibi angekuja mwanzo, kabla ya satelaiti na kabla ya Burton. Watoto walipomsikia mwisho walikuwa wameshasoma vya wageni, na baadhi yao walimpima bibi kwa Burton. Angetangulia yeye, Burton ndiye angepimwa. Tumekubaliana mwakani iwe hivyo.

Katika mtihani wa mwisho wa muhula, swali la chumvi lilikuja kama linavyokuja siku zote: taja maeneo na njia za kupata chumvi. Wengi waliorodhesha kama zamani, kwa kuwa swali lilitaka orodha. Lakini baadhi yao waliongeza, bila kuulizwa, sentensi moja au mbili za jinsi inavyojulikana kwamba Uvinza ni ya kale: vigae, majivu, mkaa. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na alama ya sentensi hizo. Mwalimu ameandika barua kwa idara ya Historia ya shule akiomba mitihani ya ndani iwe na swali moja la ushahidi kila muhula, na flashi yake ameinakilisha kwa walimu wa shule mbili za jirani.